Spika ya Kushoto

Jumamosi, 4 Mei

Nimeipata! Fundi wa redio kapiga simu katikati ya somo. Mwanafunzi yuko kwenye kilima, gari linarudi nyuma taratibu, na mimi mwalimu wa udereva, mtu mzima, nimeshika simu sikioni. Aibu. Lakini fundi kasema ile mashine ya CD imeingia dukani kwake, na mimi nilishaitafuta mpaka nikakata tamaa.

Nyeusi. Kampuni ileile ya amplifaya yangu, toleo lilelile la mwanzoni mwa miaka ya tisini, upana sawasawa. Hata kitaa chekundu kiko upande uleule. Ukibonyeza, trei inatoka polepole kwa adabu, inasubiri, inarudi ndani bila kelele.

Sasa wako wanne kwenye rafu — ndiyo, nawahesabu kama watu. Amplifaya, redio, deki ya kaseti, mashine ya CD. Kila mmoja kivyake, na kazi yake moja. Binti yetu kanicheka kwenye simu: eti simu yake inafanya kazi za wote wanne na inaingia mfukoni. Nikamwambia hata kisu kinakaza skrubu, lakini mwenye bisibisi hakihangaikii.

Mke wangu katoka chumba chake cha kushonea, pini mdomoni, kaangalia rafu. "Haya, familia imetimia." Akarudi kwenye cherehani yake. Huyu mwanamke nampenda, na si kwa sababu tu hakuuliza bei.

Jumapili, 5 Mei

Asubuhi nzima na spiriti na pamba, nasafisha kichwa cha deki. Kisha nikaweka kaseti yangu ya siku zote, ile ya bendi ya zamani yenye waimbaji wawili. Mmoja analalamika, mwingine anamtuliza. Nikakaa.

Na hapo shetani wa ukamilifu akaniingia. Mashine nne zimetimia, na mimi bado nasikiliza spika moja!

Maana spika ya kulia iko hapa sebuleni, na ya kushoto iko upande wa pili wa ukuta, chumbani kwa mke wangu, juu ya kabati la vitambaa. Iko huko tangu binti akiwa mchanga. Kitanda chake kilikuwa hapa, spika mbili hazikuenea, na mama yake akasema yeye anashona peke yake kama mfungwa, apewe hata moja. Nikatoboa ukuta, nikapitisha waya. Ya muda tu, nikasema. Mtoto mwenyewe sasa ana watoto.

Bendi za zamani zilirekodi kwa kugawa: huyu upande huu, yule upande ule. Kwa hiyo miaka yote mimi nimekaa na mlalamikaji, mke wangu kabaki na mtulizaji. Nusu kwa nusu, kama mkate.

Jumanne, 7 Mei

Nimeomba spika. Nilijiandaa na hotuba, nikachora na mchoro: spika mbili na kiti, pembetatu, pande zote sawa. Hakuutazama. Alikuwa anapinda sketi ya shule.

"Chukua."

"Kweli?"

"Si yako? Chukua, nipate pa kuweka vitambaa."

Nimefurahi. Ila kimya kingi kina mshindo, na mimi ni mtu wa masikio — klachi inayoungua naisikia kabla mwanafunzi hajainusa. Kwenye ile "chukua" kulikuwa na kitu. Nimeamua sikukisikia.

Alhamisi, 9 Mei

Imehamia. Ule waya mrefu nimeukata ulingane na mwenzake, ndivyo inavyotakiwa. Tundu la ukutani nimeliziba kwa saruji na kulilainisha kwa mgongo wa kijiko. Safi. Rangi ikikauka, hakuna atakayejua ukuta huu uliwahi kutobolewa.

Jumapili, 12 Mei

Jamani! Waimbaji wawili wamesimama sebuleni kwangu. Ningeweza kukuonyesha kwa kidole alipo mpiga gitaa. Mlalamikaji kulia, mtulizaji kushoto, ngoma katikati, na nyuma kabisa kuna mtu anapiga kayamba ambaye sikuwahi kujua yupo. Maskini, kayamba zote hizo, na hakuna aliyemsikia.

Nikamwita mke wangu. Kaja, kauliza akae wapi. Nikampisha kitini, maana ukikaa pembeni inaharibika. Akasikiliza wimbo mmoja, mikono mapajani, kama mtu aliye kwa daktari.

"Na wewe utakaa wapi?"

Nikamweleza kwamba penyewe ni hapo tu, pa mtu mmoja.

"Aa. Muziki wa kiti kimoja." Akainuka, akaenda kupiga pasi.

Jumatano, 15 Mei

Kuna kitu kimepungua. Sijui ni nini. Nimebadilisha nyaya. Nimesogeza kiti mbele, nyuma. Nimefungua amplifaya, nikaifuta kwa brashi ya rangi. Nyumba yenyewe imetulia siku hizi, nasikia mpaka sindano ya cherehani kupitia ukutani, tik tik tik, kwa hiyo si kelele. Ila kwenye nyimbo za waimbaji wawili, sauti ya pili ikiingia, ni kama chai isiyo na sukari.

Jioni nikamleta fundi. Kafungua kila kitu, kasikiliza, kafunga.

"Mzee, hii iko sawa kuliko siku ilipotoka kiwandani."

"Hapana, sauti ya pili imekosa joto."

"Labda joto lilikuwa kwenye kitu kingine," kasema, akakusanya bisibisi zake. Nilikasirika kidogo. Fundi mzima anaongea kama mganga.

Ijumaa, 17 Mei

Mke wangu katangaza wakati wa chakula, kama anayesema chumvi imeisha. Kapata nafasi kwa mafundi cherehani wenzake wawili, kule sokoni. Jumatatu mkokoteni utakuja kuchukua cherehani. Atakuwa anaondoka asubuhi, anarudi jioni.

Nikauliza kama kakasirika.

"Sijakasirika. Kile chumba kimekuwa kirefu tu. Nilikuwa na mwenzangu mle ndani, sasa sina. Kule wapo watu."

Sikumaliza kula.

Nikaenda kukaa kwenye kiti changu cha pembetatu. Kaseti ileile. Ubeti wa kwanza, mlalamikaji. Ubeti wa pili, mtulizaji anaingia — na nikajikuta nimegeuza shingo. Siitazami spika. Nautazama ukuta. Pale nilipoziba.

Mtulizaji si huyu! Yule ninayemjua mimi ana sauti nyembamba, anachelewa kidogo, anameza neno la mwisho akiwa anakata uzi kwa meno. Ni mke wangu. Spika yake ilikuwa ikimwimbia, naye anaimba nayo, na mimi huku kwa spika moja napata wawili. Miaka yote sikukosa upande wa kushoto. Nilikuwa nao. Nimeutia saruji kwa mkono wangu, na kuulainisha kwa kijiko.

Jumamosi, 18 Mei

Nimeghairi masomo yote. Nyundo, patasi, drili ya kuazima. Saruji yangu ni nzuri mno, laana. Vumbi mpaka ndani ya deki, na sikujali. Mimi!

Waya haukufika. Si niliukata? Nikaunga kipande cha njano kwenye cheupe, nikazungushia utepe wa gundi. Kiungo cha aibu. Wangeniona wapenzi wenzangu wa mashine tunaobishana nao kuhusu nyaya, wangenifukuza.

Mke wangu kasimama mlangoni, kashika gunia la kufungia cherehani.

"Unabomoa nyumba?"

Nikamwambia. Nimesema yote palepale, na vumbi kwenye kope. Kwamba nilikuwa namsikiliza yeye. Kwamba bila yeye zile mashine nne ni mabati tu. Kwamba naogopa Jumatatu.

Akaliweka gunia chini. "Miaka yote hiyo unanisikia, na hukuwahi kusema?"

"Nilidhani ni spika."

Kacheka mpaka kaketi juu ya gunia. Lakini alipomaliza kucheka, akasema wale wenzake wameshamsafishia nafasi, na neno la mtu ni deni. Akaendelea kufungasha.

Jumapili, 19 Mei

Naandika nikiwa nimekaa, kalamu mkononi, kaseti inazunguka. Spika ya kushoto imerudi juu ya kabati la vitambaa. Mke wangu yuko mle ndani anamalizia kufunga vitu vyake. Mlango wake umerudishwa.

Lakini kuna jambo. Sauti inayotoka hapa kwangu ni ya mtulizaji! Kwa haraka zangu nimechomeka waya mrefu upande wa kulia. Mimi, ninayebandika alama kwenye kila waya. Mlalamikaji kaenda kwa mke wangu, na kwangu kabaki yule ambaye maneno yake nayajua kwa sauti ya mke wangu tu.

Nimeinuka nirekebishe. Nikakaa tena.

Nikaimba. Sina sauti, binti yetu anaweza kushuhudia. Nimechelewa kidogo, nikameza neno la mwisho, kama nilivyofundishwa bila kujua. Ubeti mzima wa pili, nikiuangalia ukuta. Chumba cha pili, vishindo vya kufungasha vikakoma.

"Baba." Mke wangu kaniita kupitia kwenye tundu, sauti imekaribia kabisa. "Huyu ndiye uliyekuwa naye huko siku zote?"

"Ndiye."

"Mbona ana huzuni hivyo?"

"Huku alikuwa anajibiwa. Hakuwa na neno."

Ubeti wa tatu umeanza, wa mlalamikaji, huku kwangu ni gitaa tu. Nasubiri. Nasikia kamba ya gunia, ile kamba ngumu ya katani, inapita kwenye matundu yake, taratibu. Masikio yangu yote haya, na sijui kama anafunga au anafungua.