Sahani Zangu na Chungu Chako

Mama mkwe,

Tangu nimwoe binti yako Odile, mimi na wewe tulizungumza kupitia kwake. Desturi yenu ilitaka hivyo: mkwe hali mbele ya mama mkwe, wala hamtazami usoni. Wewe ulikaa upande wa jikoni, mimi sebuleni, pazia katikati, naye Odile akienda na kurudi na maneno ambayo sote tulikuwa tumeshayasikia. Mara nyingine nilijizuia nisicheke.

Unaijua kazi yangu. Nauza vyombo sokoni Kikula, na mteja akiniuliza kwa nini porseleni ni ghali, nageuka mwalimu. Naigonga kwa ukucha, inalia. Naiinua kwenye jua ili aone kivuli cha vidole vyangu upande wa pili. Namwonyesha kipande kilichovunjika: cheupe mpaka ndani, si kama zile nyingine zinazong'aa juu na ndani ni udongo mwekundu. Moto wa kuichoma ni mkali mno, hata maji hayaipenyi. Na udongo wake ni mweupe, ndugu wa ile pemba wanayotafuna wajawazito. Odile alipokuwa na mimba ya kwanza, midomo imejaa pemba, nilimtania, "Muke yangu, weye utazala sahani." Nikakusikia unacheka nyuma ya pazia. Nilifurahi wiki nzima.

Kwa hiyo nilipokuletea bakuli la porseleni lenye mfuniko, zuri kuliko yote niliyokuwa nayo, nilitegemea kuliona mezani. Ukalifungia kabatini. Alipokuja mume wa dada yake Odile, yule wa ofisini, mboga yake ililetwa humo. Mimi niliendelea kuletewa sombe, yale majani ya muhogo ya kila siku, katika chungu cheusi ulichofinyanga mwenyewe, mdomo umepinda. Iliniuma, Mama. Nikaona umenipima ukanikuta mdogo. Nikaanza kusema nimeshiba kabla sijakaa.

Jumapili moja ukamwita Odile, ukapaza sauti makusudi.

"Ambia bwana yako: ile ya porseleni ni ya bageni. Unaiosha, inasahau chakula yote. Hii chungu yangu ilishakunywa mafuta na munyu ya hii nyumba. Muntu ya nyumba anakuliaka mule."

Odile akafunua pazia ili anifikishie ujumbe. Nikamwambia nimesikia. Siku hiyo nilikula mpaka nikakwangua.

Bado nauza porseleni, maana watoto lazima wale. Lakini mteja akiniuliza ipi ni bora, namuuliza anataka kumpa nani chakula. Wengine wananiona nimeanza kuchanganyikiwa. Sombe ya nyumbani ni tamu, Odile anajua kupika, ila nakukumbuka kila ninapoinawia mikono.

Siku ya kilio walitupanga: watoto huku, wakwe kule. Nilikaa na wakwe, ndiyo taratibu. Kabla jeneza halijafungwa, shangazi yake Odile akanishika mkono akanipeleka kukuaga. Ndipo nilipokutazama kwa mara ya kwanza. Nikauona mdomo wa binti yangu mkubwa, paji lake la uso, hata kile kidevu chake cha ubishi. Miaka yote nilikuwa nabusu uso wako nyumbani kwangu, na sikujua.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
mume wa Odile