Alisema ya Kati, Nikasema Kubwa

Jumatano, 2 Julai

Kanzu za Bosi zimenyooka, kola bado. Pasi inavuja maji tena. Nje, kwa joto hili la Doha, huwezi kushika komeo la geti kwa mkono mtupu.

Bosi kaja mwenyewe chumba cha pasi, kitu asichofanya. Kapata nafasi ya kwenda kuwinda Tabora. Kambi ileile anayofanya kazi Baba Nasra! Nilimwonyesha Madamu picha ya mume wangu kasimama kwenye geti la kambi, najisifu tu. Bosi kaiona, kawatafuta, kalipia. Mdomo wangu huu.

Anataka swala, kulungu, kongoni, na pofu, yule mkubwa kama fahali, akijaliwa. Kambi itamwazima bunduki moja tu, achague kabla hajafika. Ziko tatu. Ya risasi ndogo, 270. Ya kati, 30-06, yeye anaitamka thati-osiksi. Na kubwa, 375. Sasa ipi inafaa kwa wote, toka swala hadi pofu? Mwenye duka la bunduki mtaa wa Al Sadd kasema lake, marafiki wa kwenye majlisi, sebule yake ya wageni, kila mmoja na lake. Anataka kauli ya mtu anayelala porini. Nimuulize mume wangu.

Mimi Zuhura, wa kupika na kupiga pasi, niulizie risasi. Makubwa.

Alhamisi, 3 Julai

Nimemtumia ujumbe Baba Nasra. Haujafika. Kule wanapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao.

Wekesa, dereva wetu, Mkenya, kacheka mpaka kaegemea gari. Eti kwao ukimpiga swala risasi unalala ndani, na huku watu wanachaguliana ya kumpigia kama viatu. Nimemwambia anyamaze aoshe gari.

Bosi kaniuliza mara mbili leo kama nimejibiwa.

Jumapili, 6 Julai

Sauti imeingia asubuhi nikichemsha maziwa. Maziwa yamefurika, sikuyaona.

Naiandika kama ilivyo, nimeisikiliza hadi nimeikariri. "Mama Nasra, mwambie Bosi wako achukue thati-osiksi. Swala inamtosha, kulungu inamtosha, na pofu pia akimpiga penyewe. Ile kubwa inapiga teke. Mtu akishapigwa teke anaanza kuiogopa bunduki yake, na mwoga anapiga tumbo. Mfikishie vizuri, maana mimi ndiye ninayekimbia na kisu."

Ninayekimbia na kisu? Kisu gani?

Nimepiga mara nyingi hadi kapatikana. Mimi nilijua ni mtunza stoo wa kambi, kumbe toka msimu uliopita hayuko huko. Mnyama akianguka, lazima mtu amfikie kabla hajakata roho, amchinje. Bila hivyo Waislamu wa kambini na kijijini hawagusi nyama. Mzee aliyekuwa akichinja magoti yamekwisha. Wakatafuta mwenye mbio. Mume wangu! Anamkimbilia mnyama mwenye pembe ambaye hajafa, kashika kisu!

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Kanijibu, "Ungelala?"

Nimekaa chini kwenye vigae vya jikoni. Madamu kadhani nimeungua.

Jumatatu, 7 Julai

Nimefanya jambo.

Bosi kaniita majlisini, yuko peke yake, kahawa imepoa. Nikamfungulia ile sauti. Kaisikiliza yote kwa adabu, kichwa kainamisha, na Kiswahili hajui hata neno. Ikaisha. Kaniuliza, anasemaje?

Nikasema, kubwa.

Limetoka lenyewe. Hapana, nisijidanganye, halikutoka lenyewe. Nilikuwa nalo toka jana. Nilimwona akilini Baba Nasra anakimbia na pofu anainuka. Nikajiambia mnyama aliyepigwa na risasi kubwa hainuki. Akifa kabla ya kisu, nyama wale fisi, mimi inanihusu nini? Nasra ana miaka sita. Anamjua baba yake kuliko anavyonijua mimi.

Bosi kafurahi. Kasema hata yeye moyo wake ulikuwa kwenye 375. Kaandikia kambi palepale.

Nimeosha kikombe kimoja mara tatu. Lakini sijutii. Sijutii hata kidogo.

Ijumaa, 11 Julai

Bosi kaenda uwanja wa shabaha kujizoeza na bunduki ya rafiki yake, namba ileile, 375. Kaondoka anaimba. Karudi kimya.

Nimemwona Madamu akimkanda bega kwa barafu. Limevilia damu, jeusi kama zambarau. Mwanamume mzima analalamika shati linamuumiza.

Wekesa, aliyempeleka, kanihadithia tukimenya vitunguu. Yeye kamenya kimoja, mdomo ndio ulikuwa kazini. "Mamaa, huyo mzee anafunga macho kabla hajafyatua. Kabisa! Nilikuwa nyuma ya kioo namwona. Risasi zinaenda kusalimia ukuta."

Nikasema atazoea. Wekesa kanitazama. Sijui uso wangu ulikuwaje.

"Mwoga anapiga tumbo." Sauti ya Baba Nasra imenikaa sikioni siku nzima. Sikutaka kuisikia.

Jumatano, 16 Julai

Bosi kakataa kurudi uwanjani. Anasema kule porini mtu hasikii maumivu, damu inakuwa imechemka. Kanunua buti na kofia. Anajitazama kwenye kioo cha ukumbini.

Nilisimama mlangoni na trei. Nilitaka kusema, Baba, mume wangu alisema ya kati. Humu wote tunamwita Baba. Maneno yalikuwa tayari kwa Kiarabu, nimeyapanga toka alfajiri. Nikaona Madamu anavyomcheka kwa upendo, na yeye alivyo na furaha. Na nikafikiri, ukimwambia mtu kuwa ulimdanganya kuhusu bunduki, kesho unapanda ndege. Nikaweka chai mezani nikatoka. Mwoga kumbe si yeye peke yake.

Jumanne, 22 Julai

Kaondoka. Nyumba imepoa. Nimefunga buti zake mwenyewe ndani ya mfuko.

Kanambia atamsalimia mume wangu. Nikasema inshallah.

Alhamisi, 24 Julai

Baba Nasra kapiga toka kichuguuni, sauti inakatika. Wamemkosa swala mara mbili. Kasema, "Huyu bosi wako kachukua mzinga. Anaruka kabla haujalia. Nani kamshauri?"

Nikasema mtandao mbaya sikusikii. Nilikuwa namsikia vizuri kabisa.

Kwa nini sikumwambia asikimbie? Kwa nini? Maneno mawili tu. Usikimbie, mume wangu.

Jumamosi, 26 Julai

Sijui nianze wapi.

Madamu kaja jikoni bila ushungi, mimi sijawahi kumwona hivyo mchana. Simu sikioni. Anasema, Zuhura, kaa. Nikajua. Nikasema amekufa? Akasema kaa. Nikasema amekufa? Sahani niliyoshika sikumbuki iliishia wapi.

Hajafa. Au alikuwa hajafa Bosi alipompigia Madamu simu. Simu ikakatika.

Kulungu. Kulungu, jamani! Mnyama wa ukubwa wa beberu. Mimi roho yangu yote ilikuwa kwa pofu. Bosi kampiga karibu na mto, chini, tumboni. Akaingia kichakani. Wakamfuata, wakamkuta kalala kama mzoga. Baba Nasra akakimbia na kisu chake. Akapiga bismillahi. Kulungu akainuka.

Pembe imeingia paja, karibu na kinena. Wamembeba kwenye gari wanakwenda Tabora mjini, na barabara ile ninaijua.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi sikudharau mwiba. Mimi niliupanda.

Jumapili, 27 Julai

Hakuna simu. Nimepika wali, nimesahau chumvi, hakuna aliyesema. Madamu kaniambia nikapumzike. Nikapumzike wapi? Nimepiga pasi mashuka yaliyokwisha pigwa.

Wekesa kasema juzi Ijumaa, siku ya ibada yao huku, alikuwa kanisani Mesaimeer na hakujua, angewaambia wamuombee. Leo kawaandikia wote kwenye kundi lao la simu. Nimemwambia kwamba mume wangu ni Mwislamu. Kasema, "Kwani damu yake ni ya rangi gani?" Nikalia mbele yake kwa mara ya kwanza.

Mama kapiga toka nyumbani. Nasra anauliza baba atakuja lini na nyama. Nikakata.

Jumatatu, 28 Julai

Yuko hai. Kashonwa, kaongezwa damu, kafungua macho, kaomba uji. Daktari kasema ingeingia upana wa kidole zaidi kuelekea ndani, hadithi ingekuwa nyingine.

Nimesujudu kwenye chumba cha pasi. Nilipoinuka nilikuwa nimeduwaa bado. Hata furaha ilinikuta nimekufa ganzi.

Ijumaa, 1 Agosti

Bosi karudi. Kakonda. Hakuwinda tena, siku zote zilizobaki alikuwa hospitalini amekaa kitini kando ya kitanda cha mume wangu. Hawana lugha moja. Eti walikuwa wanaonyeshana picha za watoto.

Kaniita majlisini. Kasimama. Bosi asimame kwa ajili yangu mimi! Kanishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka. Akasema mume wangu ni mtu wa busara. Alisema kubwa, na kama yeye Bosi angebeba ndogo, yule kulungu angekuwa na nguvu zote na angemuua. Risasi kubwa ndiyo iliyomwokoa. Akasema hatasahau nasaha ile.

Kisha kanipa ganda la risasi ile, kalisafisha, linang'aa. Refu kuliko kidole changu cha kati. Nililipokea kwa mikono miwili kama zawadi. Nikasema ahsante Baba. Nilitaka ardhi ipasuke.

Jumapili, 3 Agosti

Nimemwambia Baba Nasra. Yote. Toka "kubwa" hadi "mtandao mbaya".

Nikasikia mtu mwingine wodini anakohoa, nikasikia toroli linapita. Nikajua ndoa yangu imekwisha.

Kisha akasema polepole, "Kumbe wewe ndiye uliyenipiga. Kutoka Doha." Akaanza kucheka, nyuzi zikamvuta, akagumia, akacheka tena. Mimi nalia. Akasema na yeye alinificha kisu, kwa hiyo kila mtu ana lake. Lakini haikuwa sauti ya mtu aliyesamehe tayari. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka.

Mwisho akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema kale. Halafu, kabla hajakata, "Siku nyingine nikikutuma neno, lifikishe lilivyo."

Ijumaa, 8 Agosti

Kanzu, kola. Pasi mpya, haivuji.

Bosi kaja mlangoni na kikombe chake. Kasema mwakani inshallah atarudi Tabora, bega limepona. Kasema nimuulize mume wangu kama achukue ileile.

Nikaweka pasi wima. Nikatoa simu mfukoni, nikatafuta ile sauti, nikaifungua. Baba Nasra akasema maneno yake yote humo chumbani, kwenye mvuke. Nilisimamisha kila sentensi na kuitafsiri. Achukue ya kati. Swala inamtosha. Kulungu inamtosha. Pofu pia, akimpiga penyewe. Kubwa inapiga teke. Mwoga anapiga tumbo. Mimi ndiye ninayekimbia na kisu. Sikupunguza, sikuongeza.

Bosi kaniuliza sauti hii ni ya lini.

Nikamwambia, ya tarehe sita Julai, Baba.

Mkono wake ukapanda taratibu hadi begani, ukakaa pale. Akatazama kikombe, akakitua juu ya meza ya pasi, akaondoka. Sijui kesho ataniambia nini. Nimemaliza kola zote.