Ubeti Uliotuinua Sote Wawili

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Hatujambo, ila babu yako bado anagombana na paka.

Umeuliza urafiki wangu na Bi Zuhura ulianzaje. Miaka ile baada ya Mapinduzi tulifuata kikundi kimoja cha taarabu, hadi Mangapwani, wala hatusemezani: kila mmoja akidai mwenzake anamwiga kanga. Siku moja ukaimbwa ubeti wa kumsema mtu anayeiga wenzake. Nikainuka kumtunza mwimbaji, Zuhura ajue anasemwa yeye. Kumbe naye kainuka, ananisema mimi. Tukakutana mbele ya mwimbaji, kanga ile ile, kila mmoja na maua ya asumini ya kumtunza mkononi. Ukumbi ukacheka, nasi tukashindwa kununa.

Hadi leo wimbo ule ukipigwa redioni twainuka sote. Ila sasa hushikana mikono, magoti hayataki.

Bibi yako,
Mwanaisha