Mkate wa Shangazi Moraa

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeosha sufuria yangu, nikaifunga kwa leso, nikairudisha chini ya kitanda. Mwiko wangu pia, na kisu. Mama alisimama mlangoni akinitazama. Alisonya, akaenda zake.

Nimemweleza tena. Daktari wa Kisii mjini alisema ni ngano. Chapati, mandazi, mkate, biskuti, hata unga uliomwagika mezani. Matumbo yangu hayaiwezi, wala hayataiweza hata nikipona. Nile wimbi, ndizi, viazi vitamu, maharagwe, mboga ya chinsaga. Chakula cha hapahapa Nyamira! Ungedhani watafurahi. Lakini Mama anasema tangu azaliwe hajasikia ugonjwa wa kukataa mkate. Mkate ndio humwinua mtu. Na mgonjwa haulizwi uji.

Kibanda changu cha kushona kule Mosocho nimekifunga mpaka nipate nguvu. Nikikanyaga cherehani dakika chache miguu inatetemeka. Miaka thelathini na minne, na nimerudi kulala kwa mama yangu. Inaniudhi sana.

Jumatano, 6 Agosti

Nilipoamka nilikuta kikombe kando ya kitanda. Maziwa moto, na vipande vya mkate vimeloweshwa ndani mpaka vimevimba. Mvuke ulikuwa bado unatoka. Nikaita. Nyumba ilikuwa tupu.

Nimewapa kuku.

Kitanda hiki kilikuwa cha shangazi Moraa, dada ya marehemu baba. Alifia humu nikiwa bado mtoto wa mgongoni. Picha yake iko ukutani. Mikono kama vijiti, tumbo limejaa, macho makubwa. Karibu nayo kuna kioo. Leo nilijitazama kwenye kioo, nikaitazama picha, nikaona afadhali niigeuze. Nilipotoka kuoga nikakuta inanitazama tena. Mama amekana kuigusa.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama amepika chapati za Sabato. Unga hewani jikoni kama moshi. Nikatoka kabla sijauvuta.

Nikapita kwenye pengo la ua hadi kwa jirani yetu Nyaboke. Sipendi kupita pale ingawa yeye nampenda. Chai ya shamba lile haijachumwa tangu mama yake, Sarange, alipofukuzwa. Chai isipochumwa huwa miti. Watu wengi hawajui, hawajawahi kuiona. Imerefuka kunipita, imetoa maua meupe, na chini yake ni giza hata adhuhuri. Ndege hawalii mle. Nyaboke alirudi mwaka jana ndoa yake ilipovunjika, na anaikata kidogo kidogo kwa panga. Kuta za nyumba ya mama yake bado ni nyeusi. Amejijengea chumba kimoja mbele yake.

Ana jiwe la kusagia, la mama yake. Ananisagia wimbi, kwa kuwa mashine ya sokoni husaga kila kitu, na ngano imo. Hajawahi kuniuliza kwa nini siwezi kula ngano. Alisema tu sawa, akaosha jiwe.

Kila mtu hapa anajua kwa nini Sarange alikimbia. Walisema ni omorogi, kwamba yeye ndiye aliyemroga Moraa mpaka akanyauka. Vijana wakachoma nyumba. Akakimbilia Nyamarambe kwa ndugu zake, akafia huko. Kwetu jambo hilo haliulizwi. Hata mimi sijawahi.

Jumamosi, 9 Agosti

Meza ya Bwana. Katika kutawadhana miguu nilioshana na Nyaboke. Hakuna mwingine aliyemsogelea.

Kisha mkate. Nilikuwa nimesahau kwamba ni wa ngano. Kweli nilisahau! Sahani ikanifikia, nikatikisa kichwa. Shemasi akabaki ameinama mbele yangu, sahani mkononi, akingoja. Nikatikisa tena. Wote wakageuka, safu baada ya safu, hata watoto. Nikanywa maji ya zabibu peke yake, na mlio wa koo langu ulisikika kanisa zima.

Nje, mwanamke niliyemshonea nguo ya harusi alimvuta mtoto wake asinipite karibu.

Ningeweza kumpiga.

Jumanne, 12 Agosti

Nimetapika tangu asubuhi. Tumbo limejaa kama ngoma. Sikula kitu ila uji wangu.

Nikatoa debe langu la unga, nikamwaga kwenye ungo, nikautazama juani. Wimbi lina rangi ya udongo. Huu ulikuwa na michirizi myeupe. Mtu ametia ngano, akakoroga kwa mkono. Alama za vidole zilikuwa bado zinaonekana kwenye debe.

Nilicheka. Kisha nikalia. Sikuuliza nani. Nani mwingine anayeingia humu?

Kikombe kimekuja tena leo, na mkate wake. Huja kila asubuhi nikiwa usingizini. Sijawahi kusikia mlango.

Alhamisi, 14 Agosti

Wageni. Wanakuja, wanakaa. Wanatazama tumbo langu, halafu picha, halafu tumbo. Bibi mmoja jirani alinishika kifundo cha mkono akakizungushia vidole, kama anayepima kuni. Akamwambia Mama kwa Ekegusii: ni yuleyule.

Mama ameniita Moraa. Mara ya kwanza nikadhani nimesikia vibaya. Mara ya pili nikamwambia mimi ni Kemunto. Akasema ndiyo, Moraa.

Jioni kaka yangu Ombati alikuja akasimama mbele yangu.

"Bono, sasa wewe hukuli kwa mama yako. Kanisani hukuli. Mtu akikosa kula kwao, anakula wapi?"

Nikamwambia nakula wimbi.

"Wimbi ya nani? Watu wanasema mchawi mpe mwana akulelee. Wewe umejipeleka mwenyewe."

Nikajua tunaelekea wapi. Naogopa hadi sasa ninapoandika. Si kwa ajili yangu. Mimi ni mgonjwa wao, nitaombewa. Ni kwa ajili ya Nyaboke.

Jumapili, 17 Agosti

Ombati amelitaja jina lake mbele ya wanaume wa ukoo. Watakutana kwetu Jumanne, kisha vijana waende "kumuuliza". Nimeishi hapa. Kuuliza kule ndiko kulikoacha zile kuta nyeusi.

Nimekimbia kwa Nyaboke kumwambia aondoke. Alikuwa anakata chai. Hakusimama hata.

"Mama yangu alitoroka, wakasema si mnaona, ni yeye. Mimi sitoroki."

Nimemsihi. Amenipa wimbi langu, limesagwa tayari. Nikarudi kwa haraka, nikamwaga nusu njiani.

Baadaye nilimkuta Mama akimenya ndizi. Nikamuuliza lisiloulizwa. Moraa alikuwa anakula nini?

Aliongea bila kuinua macho, kwa muda mrefu, kama aliyengoja kuulizwa. Zamani zile mkate ulikuwa kitu cha walimu na wagonjwa. Baba alikuwa akiuleta kutoka Kisii kila jioni, umefungwa kwa gazeti. Mvua au jua. Yeye Mama aliulowesha kwenye maziwa moto, akamlisha Moraa kwa kijiko, kisha kwa mkono. Moraa akazidi kukonda. Wakazidisha mkate. Mwishoni walimpa mkate tu, vingine wakamkataza, maana alikuwa dhaifu.

Nikasema, Mama, ni ngano.

Aliweka kisu chini taratibu, akatoka. Ndizi zimebaki zimemenywa nusu, zimekuwa nyeusi.

Sasa nimeelewa, na heri nisingeelewa. Nikiwa mkweli mimi, basi Sarange alichomewa bure. Na kilichomuua Moraa ni upendo wa nyumba hii, kijiko baada ya kijiko. Nani atakubali hayo kwa sababu ya tumbo langu? Afadhali kuwe na mchawi. Ningekuwa Mama labda ningetia ngano pia.

Jumatatu, 18 Agosti

Kikombe. Leo nilikuwa macho, nimefumba tu. Alikuja miguu mitupu. Alikaa kitandani, akanipangusa paji la uso, akaniimbia wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Aliniita jina. Halikuwa langu.

Niliogopa kufumbua macho. Nilihisi nikifumbua nitakuwa mimi ndiye Moraa.

Jumanne, 19 Agosti

Walikuja mchana. Ukungu ulishuka mapema ukafunika mashamba, tukabaki sisi na ua wetu na ncha za ile chai upande wa pili. Wanaume walikaa uwanjani kwenye viti na mabenchi. Vijana walisimama nyuma, na mmoja wao alikuwa na kopo la plastiki. Niliisikia harufu. Mafuta ya taa.

Mezani palikuwa na chai ya wageni. Kanisa halitaki tuinywe, ila hatujaacha kuilima wala kuinywa. Na mkate. Mikate miwili, imekatwa.

Ombati alisema yake. Ukoo huu umeguswa mara mbili na nyumba moja. Watu wakaguna kukubali. Mama alikaa kwenye mkeka, mikono mapajani, kama asiyekuwepo.

Nikainuka. Hasira ilinibeba. Nikachukua kipande cha mkate, nikakiinua wakione. Nikasema hakuna aliyeniroga. Mnaoniponya ndio mnaoniua. Kaeni hapa mpaka jioni, Nyaboke yuko kwake, hajanigusa. Tazameni tumbo langu lenyewe liwaambie.

Nikang'ata. Nilikuwa sijaonja mkate tangu Juni. Ulikuwa mtamu, Mungu anisamehe.

Sikumwona Mama akiinuka. Niliona mkono wake tu. Alinipiga kipande kikaruka, akanishika taya, akanitia kidole mdomoni akakomba, vile anavyokombwa mtoto aliyeokota uchafu.

"Yaya! Hapana, usimeze! Tema!"

Nikatema.

Ombati alisema, "Mama, ni mkate tu."

Mama aliutazama ule uji wa mkate kiganjani mwake.

"Nilimlisha Moraa hii," akasema. "Kwa mkono hii. Hakuna mtu mwingine."

Mzee mmoja alivaa kofia yake akaondoka, ukungu ukamchukua. Kisha mwingine. Yule kijana alificha kopo nyuma ya mgongo, akarudi kinyumenyume. Hakuna aliyeomba msamaha, wala hakuna aliyetaja jina la Sarange. Ombati alibaki ameketi peke yake akitazama viatu vyake.

Mkate ulibaki mezani. Hata wao hawakuula.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimeamka nikakuta kikombe. Nilikitazama kwanza bila kukigusa. Uji wa wimbi, na kiazi kitamu kando yake kwenye sahani. Nikaunusa. Nikanywa.

Picha haipo ukutani. Pamebaki mraba mweupe.

Mama hakuwa jikoni wala kwenye chai. Leo ni siku ya chapati, lakini jiko lilikuwa baridi. Nikafuata nyayo zake kwenye umande hadi pengo la ua, nikapita chini ya ile miti. Ndege mmoja alikuwa analia humo. Nilimkuta mbele ya kuta nyeusi, amepiga magoti kwenye jiwe la kusagia la Sarange, anasaga. Vidole vimechubuka. Nyaboke amesimama karibu, amefunga mikono. Hakumkaribisha. Hakumfukuza. Kigoda kilikuwepo, hakumpa.

Nikakaa chini, nikaanza kupepeta.

Jua lilipopanda Mama aliniambia, bila kuinua kichwa, kwamba kila akimlisha, Moraa alisema mkate unamchoma ndani. Kila siku alisema.

"Nilikuwa namwambia, meza."

Akaendelea kusaga. Lile jiwe likaishiwa wimbi, likawa linakwaruza jiwe kwa jiwe, naye hakuacha.

Nyaboke akamtazama. Kisha akainama kwenye kapu, akachota konzi nyingine, akaimwaga mbele ya mikono ya Mama.