Nyumba ya Baruti Kuwa Darasa la Wasichana

KAMATI YA DARASA LA WASICHANA, KAHORORO
Kikao cha tatu, Jumamosi, 16 Januari 1954, barazani kwa Mwenyekiti, saa nne asubuhi

WALIOHUDHURIA: Bw. Protase Byabato (Mwenyekiti), Bw. Burhani Hamidi (Katibu), Bw. Karugendo, Bibi Zabibu Saburi
ASIYEFIKA: Bi. Immakulata (anauguza)

KUMB. NA. 1/54: KUFUNGUA
Mwenyekiti aligawa kahawa ya kutafuna, kikao kikaanza. Bw. Karugendo alichukua punje mbili bila kumtazama Katibu, kwa ugomvi wao wa zamani usiohusu kikao hiki.

KUMB. NA. 2/54: BARUA YA ELIMU
Katibu alisoma barua ya Idara ya Elimu. Mwalimu ataletwa iwapo wanafunzi wa kike thelathini wataandikishwa kabla ya mwezi kwisha, la sivyo atapelekwa kwingine. Walioandikishwa ni ishirini na saba. Wazazi wengine wanaliogopa jengo la darasa kwa kuwa Wajerumani walitengenezea baruti humo wakati wa vita vya kwanza.

KUMB. NA. 3/54: USALAMA WA JENGO
Bw. Karugendo alitaka jengo lifungwe, watoto wasiingie. Alisema, "Waitu, ndugu zangu, baruti haizeeki! Cheche moja tu, tutaokota watoto kwa ungo."

Bibi Zabibu, aliyeshona vifuko vya baruti humo utotoni, alieleza kwamba waliingia miguu mitupu ili viatu visitoe cheche, na kila jioni sakafu ilioshwa kwa maji mpaka kwenye nyufa. Bw. Karugendo alisema wanawake husahau.

Katibu alitoa taarifa ya ukaguzi wa Alhamisi. Ndani ilikutwa mikeka mitatu ya kahawa, kigoda, na majivu ya kiko. Mwenyekiti aliuliza kahawa ni ya nani. Bw. Karugendo alieleza kwamba ni yake, kwa kuwa jengo ni kavu na kahawa haioti ukungu humo. Alipoulizwa ameanika misimu mingapi, alijibu sita. Alipoulizwa kuhusu kiko, alijibu kwamba mlinzi wa kahawa hawezi kukaa bure.

Wajumbe walicheka sana. Katibu naye alicheka, na hajutii. Mwenyekiti alikumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Bw. Karugendo aliomba radhi, kwanza kwa Bibi Zabibu. Aliahidi kuondoa mikeka Jumatatu na kuandikisha wajukuu wake, Theopista na Alistidia.

ILIAMULIWA: Jengo litumike kwa darasa.

KUMB. NA. 4/54: NAFASI YA THELATHINI
Ilibainika kwamba bado amepungua mmoja. Majina ya nyumba zote yalipitiwa, hakupatikana. Mwenyekiti alikiri kwamba amevunjika moyo.

Bibi Zabibu aliuliza kama barua imetaja umri. Katibu aliisoma tena, mara mbili. Haikutaja.

Bibi Zabibu alisema, "Basi niandikeni mimi. Humo ndani nilifundishwa kuhesabu vifuko tu. Herufi walisema hazinihusu."

Bw. Karugendo alianza kucheka, akaona Bibi Zabibu hacheki, akaacha. Kisha alisema atamchongea benchi lenye egemeo.

ILIAMULIWA: Aandikwe.

Kikao kilimalizika saa saba na robo.

Mwenyekiti: P. Byabato (sahihi)
Katibu: B. Hamidi (sahihi)

Mwanafunzi wa thelathini: Zabibu Saburi (dole gumba, kwa sasa)