Si Mtoto wa Jicho

Jumapili, 7 Septemba 2025
Nisamehe, daftari. Tangu Raudha azaliwe sijakugusa — miezi mitano! Usingizi wenyewe napata kwa vipande. Leo naandika kwa sababu nina kosa na sina wa kumwambia.

Mama mkwe anashona kofia za mkono, Manzese nzima wanamjua. Tangu Julai analalamika jicho la kulia lina doa katikati. Mie nikamwambia ni mtoto wa jicho, tungoje akomae ndipo wamtoe. Bibi yangu alingojaga hivyohivyo. Nikajiona najua.

Leo namkuta anafumua kofia ya mteja. Mara ya tatu tangu asubuhi. Mstari umenyooka kama rula, yeye anasema umepinda, anamlaumu muuza uzi. Nikamziba jicho la kushoto, nikamwambia atazame fremu ya mlango. Akacheka: "Nani kaupinda mlango wangu?"

Sikucheka. Alhamisi tunakwenda hospitali ya macho.

Alhamisi, 11 Septemba
Si mtoto wa jicho.

Dokta Revelian alituchorea. Nyuma ya jicho kuna pazia, ndilo linaloona. Chini yake vimeota vijishipa vya damu visivyotakiwa kuwepo. Vinavuja, maji yanalinyanyua pazia — kama rangi inavyovimba ukuta ukilowa. Ugonjwa wa uzeeni. Hausubiriwi. Kilichokufa hakirudi, tunaokoa kilichobaki. Sindano kila mwezi, tatu za kuanzia, halafu wapime.

Nikauliza tungekuja Julai ingekuwaje. Akasema tumekuja leo, tuanzie leo. Ya kwanza kesho.

Ijumaa, 12 Septemba
Kachomwa. Ndani ya jicho lenyewe! Matone ya ganzi kwanza. Alinibana mkono, tulipotoka akaniambia kumzaa mume wangu Kondo kulikuwa nafuu, ingawa Kondo naye hana shukrani. Jicho jekundu. Dokta alishasema wekundu utaisha. Kalala. Raudha naye kalala. Mie nafua.

Jumanne, 7 Oktoba
Hataki ya pili.

Mwezi mzima tumepima kila asubuhi. Nilichana karatasi ya daftari la hesabu, nikaweka nukta katikati, nikaibandika ukutani. Anaziba jicho moja, ananiambia viboksi gani vimelegea. Doa halijakua. Kwangu huo ni ushindi, kwake si kitu, kofia bado anaziona zimepinda. Halafu Mama Jonas wa nyumba ya pili kaja kumwambia sindano inapofusha, adondoshee asali. Asali! Nimeificha chupa.

Nikamweleza tena: dawa inavikausha vijishipa polepole, tukiacha vinavuja upya. Akanigeukia, akasema: Wewe ndiye uliyesema tungoje, leo wewe huyohuyo unanikimbiza.

Iliniingia. Ni kweli. Nikakaa naye mkekani, nikamshika mkono.

"Nilikosea, mama. Ndiyo maana safari hii sinyamazi."

Mkono hakuutoa.

Jumatano, 8 Oktoba
Sindano ni kesho saa mbili. Mama katoa sharti: jicho ni lake, lakini mwanawe ni mmoja, neno la kwenda litoke kwa huyo mwana. Na Kondo nilikuwa nimemficha habari hii! Yuko Mafinga kwenye kazi ya mbao, nikaona nisimtie mawazo. Nimempigia mchana, nikasema yote, na la kungoja pia. Akauliza atume nini. Raudha akaanza kulia, nikamwambia nitamwandikia.

Naandika hapa kwanza nisisahau. Picha ya kadi ya bima, mbele na nyuma, nakala yangu imefutika namba. Barua ya kazini kwake kwamba mama ni tegemezi wake, yenye muhuri, ile ya zamani niliyokuwa nayo hospitali waliikataa mwezi uliopita kwa kukosa muhuri. Na sauti yake. Arekodi, asiandike, mama hasomi meseji tena. Aanze na shikamoo. Asimbembeleze sana, atajua nimemfundisha. Aseme tu mama nenda. Ifike kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, maana saa hiyo nataka mama awe ameshavaa, tuiwahi sindano ya saa mbili.