Maswali Saba Uliyoyaacha Wazi

Mapendo, mwanangu,

Barua hii naiandika hadharani, isomwe na yeyote katika jumuiya yetu, hapa Fort Worth na huko Houston, kwa sababu siku nilipokulaumu nilikulaumu mbele za watu. Wageni wa baada ya ibada walikuwa mezani na mama yako mkubwa alikuwa bado anapakua ugali. Uliposema kwamba alama zako za mtihani wa kuingia uzamili hazikufika kiwango kilichotakiwa, nilisema, "Hukujiandaa vya kutosha." Uliendelea kuchambua samaki. Majuma mawili baadaye ukahamia mtaa wa Alief, huko Houston, kuhudumia wazee. Leo nataka kueleza kwa nini maneno yale hayakuwa ya kweli.

Nitaanzia mbali kidogo. Unanijua.

Mwaka wetu wa kwanza hapa Marekani baada ya kambi ya wakimbizi, tukiishi mtaa wa Vickery Meadow, mvua ilinyesha asubuhi nzima na maegesho ya magari yakajaa maji. Watoto wenzako waliingia kucheza. Wewe ulisimama kwenye mfereji uliofunikwa kwa nondo ukaniuliza, "Baba mkubwa, haya maji yanaenda wapi?" Sikujua. Nilifundisha hesabu miaka mingi Uvira, mji ambao mito yake huingia majumbani bila kubisha hodi, lakini swali lile sikuwahi kujiuliza kama mtu anayetaka jibu. Tuliufuata mfereji kwa miguu, tukapita nyuma ya majengo mpaka kwenye kijito, viatu vimelowa chapachapa. Naamini uhandisi wako ulianzia hapo.

Shahada ya kwanza uliipata bila msaada wangu. Kisha ukanieleza kwa nini haitoshi: "Na hii degree nita-inspect tu, nita-check kama bomba limewekwa vile walichora. Mimi nataka kuwa ule mwenye anachora." Kwa wasomaji wasioijua kazi hii, maana yake ni kwamba mhandisi wa shahada ya kwanza hupata kazi, tena nzuri. Lakini kwa kazi ya kukokotoa maji ya mafuriko yatapita wapi katika mtaa mzima, na mifereji iwe na upana gani, mara nyingi hutafutwa mwenye uzamili. Anayeijua Houston wakati wa mvua anaelewa kwamba watu hao hawatakosa kazi. Idara uliyoitaka huwachukua wanafunzi wachache wamsaidie profesa katika utafiti, na chuo huwalipia masomo. Kwa kuwa wanaoomba ni wengi, huwachuja kwa mtihani.

Basi tukaanza kujiandaa, kila Jumamosi, wewe na kompyuta yako, mimi na daftari. Siku ya kwanza nilikukata alama kwa jibu lililokuwa sahihi. Sisi tuliosoma Kongo tunaweka koma pale Wamarekani wanapoweka nukta, kwa hiyo elfu moja na mia tano yako niliisoma kuwa moja na nusu. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. "Baba mkubwa, hapa koma ni ya maelfu tu. Usinirudishe Uvira." Tangu siku hiyo kila namba yenye koma nilikuuliza kwanza.

Lakini kuhusu kosa la pili sikukuuliza. Darasani kwangu Uvira palikuwa na sheria moja: usiandike usichokijua. Aliyebahatisha nilimkata alama, aliyeacha wazi sikumkata. Nilikuwa na wanafunzi zaidi ya sitini, na nafasi iliyo wazi iliniambia kesho nianze kufundisha wapi, wakati jibu la kubahatisha lilinidanganya. Kwa darasa, bado naiona kuwa sheria nzuri. Nikakupa wewe sheria hiyohiyo. Ulijaribu kunionya: "Una uhakika, Baba mkubwa? Wenzangu wanasema u-guess tu." Nikakujibu, "Wenzako si walimu." Uliguna, ukatii.

Siku ya mtihani nilikusubiri garini. Ulitoka ukasema, "Nimefanya vile ulisema. Zile saba sikujua, nimeacha." Nikasema, "Vizuri." Nilirudi nyumbani nikiwa na fahari.

Mwezi uliopita, wakati wa chakula kule ghalani ninakofanya kazi, nilimweleza habari hii Mwangi, yule Mkenya ninayepanga naye mizigo, ambaye aliwahi kuufanya mtihani huohuo.

"Mzee, ulimwambia aache blank?"

"Kubahatisha si elimu," nikamjibu.

"Sasa hiyo elimu yako imemsaidia na nini? Huku hawa-minus marks. Ukikosa ni zero, ukiacha ni zero. Lakini mwenye ku-guess anaweza bahatika." Akacheka, kisha akaniangalia, akaacha. "Pole, Mzee. Hata mimi baba angeniambia hivyo, ningeziacha."

Nilifika nyumbani nikatafuta maelekezo ya mtihani. Jambo hilo limeandikwa mwanzoni kabisa. Sikuwa nimeyasoma, kwa sababu nilidhani mitihani naijua.

Nikachukua kalamu. Swali lina majibu matano. Ukiliacha, unapata sifuri kwa hakika. Ukichagua ukiwa umefumba macho, una nafasi moja kati ya tano. Lakini wewe hukuwa umefumba macho: uliniambia garini kwamba katika karibu yote saba ulibaki unasita kati ya majibu mawili. Hapo nafasi ni nusu kwa nusu, kwa hiyo katika maswali saba mtu atarajie kupata matatu au manne. Hayo yangekufikisha pale idara ilipotaka, au karibu sana napo.

Nimefikiri pia ni kwa nini nilikosea, maana kosa lisiloelezwa hurudi. Nilipouliza maswali darasani, nilikuwa na siku ya pili na wanafunzi wangu. Mtihani ule hauna siku ya pili na wewe. Hautaki kujua pa kukufundishia; unataka kujua nani aingie na nani abaki nje. Maulizo hayo mawili hayafanani, nami niliyajibu kama moja.

Kuna jambo zito zaidi. Juzi mama yako mkubwa aliniambia kwamba siku ile mezani tayari ulikuwa unajua. Ulikuwa umeyasoma maelekezo baada ya matokeo. Nilimuuliza kwa nini hukunisema. Akajibu, "Angekusema vipi, na wageni wanakula?"

Nisamehe, Mapendo. Jumapili iliyopita niliwaambia walewale waliokuwa mezani kwamba aliyefeli ni mimi. Mzee mmoja akanitania, "Mwalimu, basi utarudia darasa." Nikamwambia nimeshaanza.

Mtihani unaruhusiwa kurudiwa, na idara haijafunga maombi ya mwaka ujao. Katika simu iliyopita ulimwambia mama yako mkubwa kwamba mlango umefungwa. Haujafungwa. Wakati huohuo najua wazee unaowahudumia wamekuzoea, na kazi hiyo ina heshima yake. Mimi mwenyewe nazeeka. Ukichagua kubaki nayo, nitawaeleza ndugu zetu bila kuinamisha kichwa. Usiurudie mtihani ili kunifariji. Urudie kama bado unataka kuwa anayechora.

Ukijiandikisha, nitajie siku. Nitaomba ruhusa kazini, niendeshe mpaka Houston, nikusubiri nje, na ukitoka sitakuuliza lolote. Usipojiandikisha, nitakuja hivyohivyo. Msamaha wa barua hautoshi, na mimi ndiye ninayepaswa kusafiri.

Ubaki na amani, mwanangu.

Aliyekufundisha vibaya na anayekupenda,
Baba yako mkubwa
Fort Worth